Ukame, Kaya na Magugu: Je, Maneno Ndiyo Yanayotuonyesha Ulimwengu?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni afisa ugani katika mojawapo ya kata za Wilaya ya Chamwino. Mama yangu amezungumza Kigogo maisha yake yote, mimi kazi yangu nimeisomea kwa Kiingereza, na taarifa zangu naziandika kwa Kiswahili. Nimesoma mahali kwamba lugha ndiyo inayoamua jinsi mtu anavyouona ulimwengu. Je, mimi na mama yangu tunaishi katika dunia mbili tofauti? Na maneno ninayoyaandika kila mwezi, kama "ukame", "kaya" na "tija", ni vitu vilivyopo kweli au ni maneno tu? Nauliza pia kwa sababu binti yangu wa miaka sita hajui Kigogo, na sijui anakosa nini.

Jibu: Marahaba, ndugu yangu, na ahsante kwa swali lililokaa mezani pangu wiki nzima kabla sijathubutu kulijibu. Umeuliza mambo matatu, nami nitayajibu kwa kuyachanganya, kwa sababu jibu la moja halisimami bila la jingine. Niseme mapema ninakoelekea. Siamini kwamba lugha ni gereza, na nitakueleza kwa nini. Ninachokiamini, na ambacho kwa kweli kinanihangaisha, ni kwamba kila neno la kidhahania limekatwa na mtu fulani kutoka katika mambo mengi yaliyo hai, kwa ajili ya kazi fulani aliyokuwa nayo, na sisi tunaolipokea likiwa limeshakatwa tunasahau vipande vilivyobaki chini.

Nianze na shamba, maana ndiko kazini kwako. Ulifundishwa neno "magugu", na ulifundishwa kwamba magugu hupaliliwa mapema ili yasishindanie maji na rutuba na mmea uliopandwa. Sasa nenda kwenye shamba la uwele la mama yeyote wa Ugogo mwezi wa Januari, umtazame anavyopalilia. Jembe lake linapita, linakata, kisha linaruka. Pale liliporuka pana mlenda uliojiotea wenyewe, ambao jioni utakuwa mboga ya ugali, na utakaobaki utaanikwa, utatwangwa na kuhifadhiwa kwa ajili ya kiangazi, wakati mboga mbichi haipatikani hata kwa kutafuta. Ukiuchuma mlenda huo na kuuchunguza, hutaona popote katika mizizi, majani au maua yake alama ya kukuambia kwamba ni gugu au ni mboga. Ugugu haumo ndani ya mmea. Umo katika uhusiano wa mmea, shamba na mtu, na mtu huyo anaweza kuwa na lengo la magunia kwa ekari au anaweza kuwa na watoto wanaosubiri chakula cha jioni.

Hata hivyo usikimbilie kusema kwamba basi "magugu" ni neno tu. Maji yaliyomo katika udongo wa Chamwino ni yale yale, na mmea unaoyanywa unayanywa kweli, uitwe jina lolote. Mama anayeacha mlenda mwingi mno kati ya uwele wake atavuna kidogo, na hilo hakuna lugha inayoweza kulibadilisha. Neno limechagua upande mmoja wa jambo la kweli na kuuweka mbele. Mama amechagua upande mwingine wa jambo hilohilo. Wote wawili, wewe na yeye, mnasimama katika shamba moja.

Wazo ulilolisoma lina historia yake, na huhusishwa zaidi na Mmarekani Benjamin Lee Whorf, aliyefariki mwaka 1941, ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa ukaguzi katika kampuni ya bima ya moto. Katika kazi hiyo aliona kwamba wafanyakazi walikuwa waangalifu sana karibu na mapipa yaliyojaa petroli, lakini karibu na mapipa yaliyoitwa matupu walivuta sigara bila hofu, ingawa pipa tupu hubakia na mvuke unaoweza kulipuka. Neno "tupu" lilikuwa limewaambia kwamba hamna kitu ndani. Mfano huo naupenda na huwapa wanafunzi wangu kila mwaka. Lakini Whorf alivuka kutoka hapo kwenda kwenye dai kubwa zaidi, kwamba Wahopi, wenyeji wa asili wa Arizona huko Marekani, kwa kuwa lugha yao haina maneno ya wakati kama ya lugha za Ulaya, hawauelewi wakati kama watu wa Ulaya wanavyouelewa. Mwaka 1983 Ekkehart Malotki alichapisha kitabu kinene kilichojaa maneno na misemo ya wakati kutoka katika lugha hiyohiyo ya Kihopi, na dai likabaki halina pa kusimama.

Sisi wenyewe tuna mfano unaokaribiana na huo. Mwaka 1969 John Mbiti, mwanatheolojia mashuhuri wa Kenya, aliandika kwamba katika fikra za jadi za Kiafrika kuna wakati alioutaja kwa neno letu "sasa" na mwingine alioutaja kwa neno letu "zamani", lakini wakati ujao wa mbali karibu haupo, na sehemu ya ushahidi wake aliichukua katika nyakati za vitenzi za lugha za Afrika Mashariki. Namheshimu sana Mbiti, kwa kuwa alizichukulia lugha zetu kuwa mahali pa kutafutia falsafa wakati wengi hawakuthubutu. Katika hili, hata hivyo, siwezi kukubaliana naye. Kiswahili kina kesho, keshokutwa, mtondo na mtondogoo, na ingawa vijana wa mjini wameyasahau maneno mawili ya mwisho, yamo kwenye kamusi na yanahesabu siku hadi ya nne kutoka leo. Na tuseme kuna lugha isiyokuwa na neno moja la miaka thelathini ijayo. Mfugaji wa lugha hiyo anayemtazama ndama jike aliyezaliwa jana na kupiga hesabu ya mahari ya mwanawe ambaye bado ananyonya, anafikiri juu ya wakati ujao wa mbali kwa kutumia ng'ombe badala ya kitenzi. Kukosekana kwa umbo la sarufi hakutoshi kuwa ushahidi wa kukosekana kwa wazo.

Ushahidi mkubwa zaidi tunao hapa mkoani kwetu. Kondoa na Chemba ni miongoni mwa sehemu chache sana za Afrika ambamo lugha za makundi manne yenye asili tofauti kabisa zimekaa jirani: Kirangi na Kigogo ambazo ni za Kibantu, Kiburunge na Kialagwa ambazo ni za Kikushi, lugha za Kiniloti za wafugaji, na Kisandawe chenye sauti zake za kidoko, zile za kupiga ulimi, ambacho kwa muda mrefu kimewekwa pamoja na lugha za Kikhoisani za kusini mwa bara. Makundi haya yanatofautiana sana kwa sarufi. Lakini watu wake wameoana, wamebadilishana nafaka na mifugo, wamekopana na kudaiana kwa vizazi vingi. Kama kila lugha ingekuwa dunia yake yenye mlango uliofungwa, mnada wa mbuzi usingewezekana.

Sasa, kile kilichothibitika ni kidogo zaidi ya madai ya Whorf, lakini kipo, na mimi nakiona kuwa ni cha thamani. Kirusi kina maneno mawili ya kawaida kwa rangi ambayo sisi tunaiita buluu, moja kwa ile iliyokoza na jingine kwa ile iliyofifia. Jaribio lililochapishwa mwaka 2007 na Jonathan Winawer na wenzake lilionyesha kwamba wazungumzaji wa Kirusi hutofautisha vipande viwili vya buluu kwa haraka zaidi pale vinapoangukia pande mbili za mpaka wa maneno hayo. Walipopewa tarakimu za kukariri kichwani wakati huohuo, faida hiyo ilitoweka. Jicho la Mrusi ni kama jicho lako, ila lugha yake imesimama karibu nalo kama msaidizi anayenong'ona, na msaidizi huyo akipewa kazi nyingine, jicho linabaki peke yake. Kiswahili chenyewe kina rangi tatu tu zinazochukua viambishi kama vivumishi vya kweli, yaani nyeupe, nyeusi na nyekundu. Nyingine nyingi tumeziazima kutoka katika vitu, majani kwa kijani, jivu kwa kijivu, kahawa kwa kahawia. Hakuna mkulima wa zabibu hapa Dodoma aliyewahi kushindwa kuona kichala kilichoiva kwa sababu hiyo.

Wako pia wazungumzaji wa Guugu Yimithirr wa Australia, ambao hawatumii kulia na kushoto kwa vitu vinavyowazunguka bali husema upande wa kaskazini au wa magharibi, hata kwa kitu kilichopo mezani. Kwa hiyo ni lazima mzungumzaji ajue wakati wote kaskazini ni wapi, na anajua. Hapa ndipo nguvu ya lugha inapoonekana kwangu kuwa kubwa kuliko mahali pengine: katika mambo ambayo lugha inakulazimisha uyazingatie kila unapofungua kinywa. Kiswahili kinakulazimisha kuchagua kati ya "pana watu", "kuna watu" na "mna watu", yaani uamue kama mahali unapopataja ni mahususi, ni pa jumla, au ni ndani ya kitu. Kigogo, kwa kuwa ni ndugu wa Kibantu, kinagawa mahali kwa namna inayokaribiana na hiyo. Kiingereza ulichosomea hakikulazimishi. Wewe na mama yako, katika hili, mnazoezwa jambo moja tangu utotoni, na vitabu vyako vya chuo ndivyo vilivyo wageni.

Nimekaa sana kwenye utafiti kwa sababu nilitaka uondoe hofu ya gereza kabla hatujaingia kwenye jambo ninaloliona kuwa zito zaidi, nalo ni maneno ya taarifa zako.

Sarufi yetu ina njia rahisi mno ya kutengeneza dhana. Unachukua mtu, unapata utu. Unachukua jamaa, unapata ujamaa. Unachukua nchi iliyo kame, unapata ukame. Kiambishi kimoja kinatosha. Na neno likishatengenezwa linaketi katika ngeli moja na ugali, uji, uzi na ukuta, na linachukua upatanisho uleule: ugali umeiva, ukuta umeanguka, ukame umeingia, umaskini umeongezeka. Sikio linazoea. Baada ya muda tunausikia ukame ukiingia kijijini kama mgeni aliyetoka mahali fulani na mzigo wake kichwani, na umaskini ukimrudisha mtu nyuma kana kwamba una mikono. Alfred North Whitehead, mwanafalsafa wa Kiingereza, aliliandika kosa hili mwaka 1925: kuichukua dhana tuliyoitoa katika vitu na kuishika kana kwamba yenyewe ndiyo kitu. Hakusema kwamba tuache dhana. Alikuwa mwanahisabati, na hisabati bila dhana haipo.

Tazama neno "kaya". Katika Kigogo cha wazee, kama mama yako atakavyokueleza vizuri kuliko mimi, kaya ni makazi yote: tembe lenye paa la udongo lililozunguka uwanja, zizi ndani yake, mkuu wa kaya, wake zake, wanawe na wake wa wanawe. Ndani ya kaya mna nyumba, na kila mke ana nyumba yake, akiba yake ya nafaka na moto wake wa kupikia. Katika takwimu za taifa, neno hilohilo lina maana nyingine: ni mtu mmoja au kundi la watu wanaoishi pamoja na kushirikiana chakula. Kwa kipimo hicho, kaya moja ya mzee wa Ugogo inaweza kuwa kaya tatu au nne za karani, au mke mdogo anayepika na mwenzake akahesabiwa pamoja naye, kulingana na swali lilivyoulizwa na lilivyojibiwa. Niliwahi kumsikia mzee mmoja wa Bahi akibishana kwa upole na kijana mwenye kishikwambi, akimwambia, "Mwanangu, umeikata kaya yangu vipande." Kijana alikuwa anafuata maelekezo sawasawa, na mzee alikuwa anasema kweli.

Sensa ya usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022 iliwahesabu watu 3,085,625 katika Mkoa wa Dodoma. Idadi ya watu naichukua kwa utulivu, kwa kuwa mtu ana mwisho wake na mwanzo wake, na alilala mahali fulani usiku ule. Idadi ya kaya ni ya namna nyingine, kwa kuwa ukibadilisha maana ya neno idadi inabadilika bila mtu hata mmoja kuhama. Haina maana kwamba idadi hiyo ni ya uongo. Serikali inayopanga mgao wa chakula inahitaji kujua mioto mingapi inapikiwa, na kwa kazi hiyo maana ya karani ni nzuri kuliko ya mzee. Lakini ukiichukua takwimu hiyohiyo kuamua nani anamiliki ng'ombe, au nani ana sauti juu ya shamba, utakuwa umechukua kisu kilichonolewa kwa kazi nyingine.

Nije kwenye "ukame", neno ambalo nadhani unaliandika mara nyingi kuliko yote, na ambalo naomba unistahimili nikikaa nalo.

Kati ya mwaka 1917 na 1920 Ugogo ilipatwa na njaa iliyoua maelfu ya watu. Wagogo waliipa jina, Mtunya, na wanahistoria hulifasiri jina hilo kuwa kinyang'anyiro, kugombania. Jina hilo limebeba kumbukumbu. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imepita hapa. Majeshi ya Wajerumani yalichukua nafaka, ng'ombe na wapagazi, na baada ya Waingereza kuiteka Dodoma mwaka 1916 nao walichukua nafaka, ng'ombe na wapagazi. Ghala zilizokuwa zimewavusha watu katika miaka mibaya ya nyuma zilikuwa tupu, na vijana wa kulima walikuwa wamechukuliwa. Kisha mvua zikashindwa. Ukiandika kwamba njaa ile ilisababishwa na ukame, hujasema uongo, kwa kuwa mvua zilishindwa kweli. Lakini umeufanya ukame kuwa mtendaji wa sentensi, na kila aliyefika na gunia lake akachukua akiba ametoweka ndani ya nomino hiyo. Neno la Wagogo halikuwaficha. Lilianza na watu na walichokuwa wakifanya, likaiacha mbingu nyuma.

Ndiyo maana nasema kwamba swali la kama ukame "upo kweli" halijakamilika. Kushindwa kwa mvua kupo. Dodoma mjini hupata kwa kawaida kati ya milimita 500 na 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote katika msimu mmoja unaoanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili, na mara nyingi msimu huo unakatika katikati, Januari au Februari, kwa siku nyingi mfululizo. Mwaka unaweza kufikisha wastani wake kikamilifu na bado uwele ukakauka, kwa sababu mvua ilikuja ikiwa imechelewa wiki tatu kisha ikashuka yote kwa mkupuo. Wastani ni dhana iliyotengenezwa na mtu mwenye daftari la miaka mingi, na ni dhana yenye faida kubwa. Ila hakuna mmea uliowahi kuunywa. Mkulima wa Mvumi hakuulizi milimita ngapi. Anakuuliza mvua ilikatika lini, na uwele ulikuwa umefika wapi ilipokatika.

Nikiwa hapo hapo, kuna jambo dogo ambalo limenisumbua kwa miaka. Watoto wa Dodoma wamekuwa wakifundishwa darasani kwamba nchi yetu ina vuli na masika, na wanakariri vizuri, ilhali hali ya hewa inayowazunguka ina msimu mmoja tu wa mvua. Wataalamu wa hali ya hewa wenyewe huzitenga mvua za vuli na masika na zile wanazoziita za msimu, lakini maneno ya pwani na ya kaskazini ndiyo yaliyotangulia kufika vitabuni. Hata "kaskazini" na "kusini" ni maneno yaliyozaliwa na pepo za pwani, kaskazi na kusi, zilizokuwa zikiendesha majahazi. Tunayatumia hapa, mbali na bahari, bila shida yoyote, kwa kuwa maana zimeshatengana na pepo na kubakia pande za dunia. Vuli haijatengana hivyo. Mtoto wa Chamwino anayejibu kwamba vuli ni Oktoba hadi Desemba anapata alama zake, na akitoka nje ya darasa mwezi huo wa Oktoba anakuta vumbi.

Nimekuwa mkali kwa dhana, na sasa nizitetee, maana nisipofanya hivyo utadhani nakushauri uandike taarifa bila nomino. Katika vilima vya Kondoa, kabla ya miaka ya 1970, kila mtu aliliona korongo lililo karibu na shamba lake. Aliyeweza kuona makorongo yote kuwa jambo moja linaloendelea, lenye chanzo juu mlimani na matokeo chini kwenye mito ya mchanga, alihitaji neno "mmomonyoko". Bila dhana hiyo kila korongo lingebaki kuwa bahati mbaya ya mwenye shamba lake. Mwaka 1973 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kwa ufupi HADO, na mwaka 1979 mifugo yote iliamriwa kutoka katika eneo lililotajwa kuwa limemomonyoka, lenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Nyasi na miti vilirudi. Hilo ni tunda la dhana, na anayeipita Kondoa leo analiona kwa macho.

Lakini neno "mifugo" katika amri ile lilikuwa na maana ya kwato na midomo inayokula nyasi, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi iliyokuwa mbele ya wataalamu. Kwa familia za Kirangi zilizoishi pale, ng'ombe alikuwa pia maziwa ya mtoto, samadi ya shamba, mahari, urithi, na akiba ya mwaka mbaya. Hayo yote yalitoka mlimani siku ileile pamoja na kwato. Haikuwa mpaka miaka ya baadaye, ufugaji wa ndani ulipoanza kuruhusiwa, ndipo sehemu ya yale yaliyoachwa nje ya neno iliporudishwa ndani. Wataalamu wale siwalaumu kwa kutumia dhana. Ninachojuta ni kwamba orodha ya mambo ambayo ng'ombe huyafanya ilikuwa ikijulikana na kila mama wa Kondoa, na haikuhitaji utafiti wowote kuipata.

Kwa hiyo unaniuliza dhana ni kitu gani, ikiwa haiko kama jiwe wala si upepo wa kinywa? Mimi huifananisha na njia ya ng'ombe. Njia ile ni udongo uleule wa porini. Ukichimba hutakuta kitu kingine chini yake kinachoitwa njia. Hata hivyo ipo, imetengenezwa na kwato zilizopita kwa sababu fulani, kutoka zizini kwenda majini, na mgeni akiifuata anafika majini bila kuijua nchi. Wewe uliyesomea udongo unajua pia kwamba ikikanyagwa muda mrefu bila kubadilishwa, maji huanza kupita mlemle, na ndipo korongo linapoanza.

Katika taarifa zako, basi, liache neno "ukame" mahali pake kwenye kichwa cha habari, kwa kuwa wilaya na mkoa wanalihitaji ili kukulinganisha na kata nyingine. Chini yake rudisha vitenzi. Andika mvua ilianza tarehe gani na ilikatika lini, uwele ulikuwa unachanua au ulikuwa umeshabeba punje, nani aliuza mbuzi na kwa bei gani, nani aliuza nafaka mwezi wa Juni ili kulipa deni, na sasa analinunua debe kwa bei gani. Kila kitenzi kitakulazimisha umtaje mtendaji, na watendaji ndio wanaopotea kwanza pale nomino inapochukua sentensi. Kuhusu "tija" sina mengi: neno hilo linapima magunia kwa ekari, na mradi unajua kwamba mlenda na mabua yaliyoliwa na ng'ombe baada ya mavuno hayamo ndani yake, litumie bila wasiwasi.

Limebaki la binti yako, na nalijibu kama mwalimu na kama mzazi. Hatakosa uwezo wa kufikiri. Kiswahili kinamtosha kwa hesabu, kwa sheria, kwa sala na kwa falsafa, na yeyote anayekuambia kwamba kuna fikra zisizoweza kusemwa kwa Kiswahili hajakijaribu vya kutosha. Anachokosa ni mambo ambayo bibi yake ameyatenga kwa maneno, na ambayo Kiswahili cha shule kimeyarundika pamoja: mimea ya shambani ambayo sisi tunaiita tu majani, rangi za ng'ombe ambazo sisi tunaziita madoadoa, mvua ya kwanza inayolainisha udongo na ile inayokuja kuotesha. Anaweza kuziona tofauti hizo bila majina, kama Mrusi anavyoziona buluu mbili hata akilemewa na tarakimu, ila atachelewa, na pengine hakuna atakayemwambia kwamba zinafaa kutazamwa.

Usimwanzishie masomo ya sarufi. Mvua zikishashika, mwache aende shambani na bibi yake wakati wa palizi ya kwanza, mlenda ukiwa bado mchanga, na umwombe mama ataje kila anachokiruka kwa jembe na kila anachokikata, na sababu yake. Wewe kaa nyuma yao na daftari. Yale majina ambayo hutayapata kwa Kiswahili yaandike kama yalivyotamkwa.